Nyundo na fuawe za sikio zilitoka kwenye taya kweli?

Binti_Mbinga: Wakuu, niko kidato cha sita. Mwalimu katuambia nyundo na fuawe, vile vijifupa vya sikio la kati, zamani zilikuwa mifupa ya taya. Visukuku vinaonyesha hilo?

FundiMawe: Vinaonyesha, mdogo wangu, tena waziwazi. Msome Morganucodon, mnyama wa kale wa Wales, kadogo kama panya, wa miaka takriban milioni 205 iliyopita. Kila upande taya lake lina viungo viwili vinavyofanya kazi pamoja: cha kale cha reptilia na kipya cha mamalia. Mifupa ya kile cha kale imeshasinyaa, lakini bado ipo: wa taya la chini umelala kwenye mfereji upande wa ndani wa taya, mwenzake uko kwenye fuvu. Ndiyo hiyohiyo nyundo na fuawe yako! Mimi hapo nasisimka kila mara.

Mzee_Ruhuhu: Na kwetu je? Bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, lina visukuku vya sainodonti, kundi walimotokea mamalia. Parrington, mtaalamu wa visukuku wa Cambridge, alikusanya visukuku huku 1933, na baadaye akamchunguza Morganucodon huyohuyo.

Binti_Mbinga: Shikamoo mzee, asante. Na kunyonyesha kwa mamalia, visukuku vinaonyesha pia?

FundiMawe: Angalia meno. Morganucodon aliyabadilisha mara moja tu, si maisha yote kama mamba. Maana yake meno huenda yalichelewa kuota, na kichanga asiye na meno huenda alinyonya.