Vimulimuli wanaowaka mbili mbili huku Ngong Road, spishi mpya huandikwaje?

taa_za_racecourse
Wasee habari. Tangu mvua ya Aprili ishike, nyuma ya ploti yetu upande wa Racecourse, pale msitu wa Ngong Road unapoanza, kuna kabonde kako na matope na jioni kanajaa vimulimuli. Sasa wale nimezoea kwetu Kakamega wanawaka moja, giza, moja, giza. Hawa wanapiga mbili haraka haraka halafu wananyamaza kidogo kabla warudie, na rangi yao naona imeelekea manjano kuliko wale wa ushago. Nimesaka picha mtandaoni mpaka bando ikaisha, sioni anayefanana. Inaweza kuwa spishi mpya? Na kama ni mpya, mtu hana digrii ya wadudu anaanzia wapi mpaka itambulike, na jina ni nani hupeana?

mtoto_wa_Umoja
Huku kwetu kimulimuli ni kile cha juu ya landkruza ya karao, na tukikiona tunaingia ndani 😂 Lakini seriasi, hao hawachomi kama nairobi fly? Ile kitu iliniacha shingo imetoka malengelenge.

Kabati_la_Wadudu
@mtoto_wa_Umoja hawachomi. Nairobi fly yuko na sumu ndani ya mwili, ukimponda ndio inakumwagikia kwa ngozi. Hawa taa yao ni kemikali zikikutana na oksijeni tumboni, na ni mwanga baridi, hata ukimshika mkononi husikii joto.

@taa_za_racecourse inawezekana, lakini kukosa picha mtandaoni si ushahidi. Spishi za vimulimuli zilizoandikwa duniani zimepita 2,000, na za Afrika nyingi ziliandikwa kitambo na watu waliokuwa wamekaa Ulaya wanaletewa wadudu wakiwa wamekauka kitambo. Kuna Mfaransa anaitwa Ernest Olivier, huyo alipeana majina mengi sana, katalogi yake ilitoka 1907. Unapata maelezo mafupi tu, rangi ya mgongo, urefu, nchi, basi. Vile wanavyowaka hakuna, maana mdudu mkavu hawaki. Kwa hivyo huyo wako anaweza kuwa na jina la zaidi ya miaka 100 na aliyempa hilo jina hakuwahi kumwona akiwaka hata siku moja. Hapo ndio kazi iko. Kumpata mdudu ni rahisi, kuonyesha kwamba hana jina tayari ndio kunakula miaka, lazima mtu alinganishe wako na wale wa kwanza kabisa ambao bado wako kwa makabati ya London, Paris na kwingine.

Na kulinganisha hakuishii rangi. Vimulimuli wengi kwa macho ni mapacha, tofauti huwa kwa sehemu za siri za dume, unazitoa chini ya hadubini, unaziloweka kwa potasi nyama iishe ibaki ile ngozi ngumu, ndio uchore. Siku hizi watu wanaongeza DNA, lakini DNA peke yake kama hakuna ya spishi za zamani ya kulinganisha nayo haikusaidii sana.

taa_za_racecourse
Duh. Kwa hivyo lazima niwaue? Na nikishachora napeleka wapi ipigwe muhuri?

Kabati_la_Wadudu
Muhuri haupo, na hii ndio watu wengi hawajui. Hakuna kamati ya kukaa chini iseme huyu ni mpya. Kuna kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, unaandika makala, unatoa jina, unaeleza anatofautiana vipi na wenzake, unachagua mdudu mmoja tu awe holotaipu, yaani huyo ndiye mwenye jina hata wengine wote wakija kuonekana ni kitu kingine, na unasema atahifadhiwa wapi. Kwa Nairobi sioni pahali pazuri kuliko makumbusho pale Museum Hill. Makala ikitoka kwa jarida la mtandaoni lazima iwe imesajiliwa ZooBank, ile rejista ya mtandaoni ya majina ya wanyama, hiyo sheria iliingia 2012. Digrii haiulizwi popote. Jina unachagua wewe mwandishi, ila kujiita mwenyewe watu watakucheka.

Kuua, ndiyo, wachache, wengine kwa etanoli kwa sababu ya DNA. Lakini usianze sasa hivi. Msitu ni wa serikali, unahitaji ruhusa ya huko, leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, na kibali cha watu wa wanyamapori, na kuwatoa nje ya nchi ni kibali kingine tena. Ndio maana mimi ningetafuta mtu wa makumbusho kwanza, muandike pamoja.

ticha_wa_bayo
Naongeza kitu kuhusu hizo mbili mbili. Kasi ya kuwaka inafuata joto, jioni ikiwa baridi wanapunguza. Kakamega iko chini kuliko Nairobi na usiku hakuna baridi kama ya huku, kwa hivyo usilinganishe hivi hivi. Ukirekodi vidio andika saa na joto. Pia angalia matopeni kama kuna mabuu yanawaka, hayo hula konokono, na kabonde kakifukiwa konokono wakaisha na hao wako wanaisha.

taa_za_racecourse
Kufukiwa ndio kunanipa presha, kuna lori za mchanga zimeanza kumwaga upande wa juu. Vidio ninazo. Nilimshika mmoja nikamwachilia, tumboni zinawaka pingili mbili za mwisho. Mwingine alikuwa amekaa kwa nyasi, huyo ni pingili moja tu.

Kabati_la_Wadudu
Wa pingili mbili ni dume, wa pingili moja kuna uwezekano mkubwa ni jike, kundi la vimulimuli linaloitwa Luciola wako hivyo. Jike alikuwa na mabawa? Angalia tena leo, piga picha ya tumbo na ya ile ngao ya juu ya kichwa, uweke na GPS ya kabonde, halafu nitumie inbox kabla hizo lori zirudi.