Naomba ushauri: Summerjam Köln na mtoto wa miaka 7
Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tunaishi Hamburg, na mwaka huu tunataka kwenda Summerjam, lile tamasha la rege la kila kiangazi pale kwenye ziwa la Fühlinger See, kaskazini mwa jiji la Köln, hapa Ujerumani. Lilianza 1986 huko Loreley, ule mwamba kando ya mto Rhine, likahamia Köln 1996. Ni siku tatu, na watu wengi hulala kwenye mahema.

Shida yangu ni binti yetu. Rege anaipenda kuliko sisi, ila spika zile kubwa naziogopea masikio yake. Mliowahi kwenda na watoto, mlilala kwenye hema au mlichukua chumba mjini? Usiku kunalalika kweli? Na vifaa vya kukinga masikio, vya aina gani havimbani mtoto kichwa? Tiketi bado sijanunua, nawasubiri.