Naomba ushauri: sarafu ya Kirumi, ni ya baba au ya mwana?

Wakuu, habari za jioni. Niko Uingereza, na mwezi jana nilinunua sarafu kumi za shaba za Kirumi zikiwa bado na udongo. Tisa ni takataka, sifichi. Ya kumi nimeiloweka wiki tatu, nikaisugua kwa mswaki laini.

Nyuma wamesimama askari wawili, kati yao bendera mbili, na maandishi GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Chini kabisa nasoma TRS, kwa hiyo ilitengenezwa Trier, mji ulioko Ujerumani ya leo, na bendera zikiwa mbili ni miaka ya 330 hadi 335. Shida iko mbele: CONSTANTI, halafu pamelika. Anaweza kuwa Constantinus mwenyewe, yule mfalme wa Roma, mwanawe wa jina hilohilo, au mwanawe mwingine, Constantius. Kichwani naona kama taji la majani, si lile la vito ambalo baba huonyeshwa nalo. Je, hilo linatosha kumwondoa baba?

Halafu ukingoni pana unga wa kijani mpauko, ukiugusa kwa kijiti unapukutika. Ndio ule ugonjwa wa shaba, yaani kutu inayoendelea kuila sarafu? Kuna aliyeniambia niitumbukize kwenye mafuta ya zeituni, nikasita. Nisaidieni kabla sijaiharibu.