Naomba ushauri: okidi za mwituni zinachimbwa shambani kwetu, jirani na Kitulo

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Niko Makete. Familia yetu ina kipande cha majani ambacho hakijawahi kulimwa, na kila msimu wa mvua kinajaa okidi. Hifadhi ya Taifa Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea hii hii, ila sisi tuko nje ya mpaka.

Shida ni wachimbaji wa chikanda, viazi vya okidi vinavyouzwa hadi Zambia. Ukichimbua mmea unakuta viazi viwili: cha zamani kimesinyaa, kipya kimejaa, na hicho kipya ndicho mmea wa mwakani. Wao wanachukua hichohicho. Mbegu zenyewe ni laini kama vumbi na haziwezi kuota bila kuvu wa udongoni, kwa hiyo kupanda upya si kazi ya jembe.

Mwenyekiti wa kijiji aliwakemea, wakatulia kidogo, wakarudi. Uzio nimesita, maana ni kama kuwaonyesha mali ilipo. Ndugu zangu wanataka tulime viazi mviringo, na kusema kweli hoja yao ina nguvu, hela inaonekana.

Naomba kujua: kuna kijiji kilichofanikiwa kutunga sheria ndogo ya kulinda mimea pori kwenye mashamba ya watu? Mlianzia wapi? Na ng'ombe je, niwaingize baada ya mbegu kupukutika au wasikanyage kabisa?

Asanteni.