Msaada wakuu: kubandika sponji ndani ya keisi ya kompyuta kunapunguza kelele kweli?

msimulizi_temeke:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Nina deskitopu ya mtumba, tawa ile ya kusimama, nafanyia kazi ya kurekodi sauti, nasoma hadithi za watoto na matangazo ya watu, sasa chumba ni hichohicho nalala na hichohicho narekodi na mashine inavuma muda wote. Nikivaa hedfoni nasikia mvumo mzito nyuma ya kila neno, na nikianza kuedit feni zinapanda ndo balaa zaidi. Programu ya kuondoa kelele ninayo ila inakula na sauti yenyewe, s na sh zinatoka zimelika.

Nimeona video jamaa anabandika sponji nyeusi kuta zote za ndani ya keisi. Fundi wa huku mtaani kaniambia hata sponji ya godoro inafaa, au trei za mayai. Kuna aliyejaribu? Na joto hili la Dar si mashine itaungua? Bajeti isizidi elfu 50 wakuu.

Nyundo:
Godoro usiweke mkuu, nakuomba kabisa. Sponji ya godoro inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, humo ndani kuna pawasaplai na nyaya, na wewe unalala chumba hichohicho. Trei za mayai nazo ni karatasi tu, zinaungua na sauti inapita. Kama ni lazima uweke sponji basi muulize muuzaji ile yenye alama ya UL 94 HF-1, hiyo imepimwa kwamba ikishika moto inajizima yenyewe.

chuma_tanga:
Kabla hujanunua chochote jua kwanza kelele inatoka wapi maana dawa ni tofauti. Sponji ya sentimita moja inameza sauti nyembamba, ule mluzi na mchakacho wa upepo wa feni. Mvumo mzito unaousema wewe sponji haiuwezi. Hadidiski ya 7200 (yaani mizunguko 7200 kwa dakika) inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo inatoa mvumo wa hezi 120, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa karibu mita 2.9, sasa sponji nyembamba vile italishika wapi? Tena diski yenyewe ni ndogo haiwezi kuvuma hivyo peke yake, inatingisha bati la keisi kwa sababu imefungwa skurubu chuma kwa chuma, na bati ndo linageuka spika.

Fanya hivi usiku kukiwa kimya. Washa mashine, weka kiganja ubavuni mwa keisi ukandamize kiasi, sikiliza. Kisha juu, kisha ubavu wa pili. Ukikandamiza mvumo ukapungua basi ni bati linatetema. Usipobadilika kitu ni feni. Leta majibu hapa.

pwani_254:
Salama wakubwa. Mimi niko Mombasa, joto na vumbi nayajua. Kaka anza na feni. Fungua, toa vumbi lote kwa brashi na bloa (shika pangaboi kwa kidole isizunguke wakati unapuliza), badilisha pesti ya prosesa kama imekauka. Vumbi likijaa kwenye hitsinki (lile pande la chuma la kupoza prosesa) joto linapanda na feni lazima ikimbie. Feni ukiipunguza spidi nusu kelele inashuka karibu desibeli 15, hakuna sponji ya kukupa hiyo. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uangalie kama kuna sehemu ya kupanga spidi ya feni kufuata joto. Na kwenye mipangilio ya pawa ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kitoe 100% weka 99%, tabo (ile prosesa kujiongezea spidi yenyewe) inazima, prosesa inapoa, na kwa kazi ya sauti hutaona tofauti ya maana.

Sponji ukiijaza mpaka ukaziba matundu ya hewa ndo unajiharibia, feni zitakimbia zaidi ya sasa.

msimulizi_temeke:
Asanteni sana wakuu. Nimefanya hilo la kiganja, ubavu wa kushoto nikikandamiza mvumo unakata karibu wote! Ubavu wa pili kidogo, juu hakuna kitu. Na hadidiski kweli imefungwa skurubu kwenye bati, haina mpira wowote. Vumbi lilikuwa limeziba hitsinki nimetoa, feni zimetulia kiasi.

chuma_tanga:
Safi, basi sponji huihitaji. Nenda kwa wanaofunga redio za magari uulize zile shiti za mpira za kubandika kwenye milango, milimita 2, upande mmoja gundi upande mmoja foili. Usichukue za lami, zikipata joto zinanuka na kulainika. Omba wakuuzie kipande kimoja, huna haja ya kufunika bati zima la ubavu huo, robo mpaka nusu ya eneo katikati panatosha. Futa bati kwa spiriti kwanza likauke, bandika, halafu sugua kwa mgongo wa kijiko kwa nguvu mpaka mapovu yote yatoke, isiposhikana vizuri haifanyi kazi. Angalizo: foili ni aluminiamu, inapitisha umeme, usiiache kona imenyanyuka karibu na bodi au nyaya.

Hadidiski weka washa za mpira (vile viduara vya kukaa chini ya skurubu) kila skurubu na usikaze mpaka mwisho. Au ukipata SSD hamishia Windows huko, haina kinachozunguka, ile ya zamani ibaki ya kutunzia mafaili.

mama_studio:
Mwanangu na maiki je? Kama ni ya kuchukua sauti mbele tu, igeuze mgongo wake uelekee kompyuta. Tawa ishushe chini, usiiweke kwenye meza moja na maiki maana mtetemo unapanda kwa stendi. Chini weka kipande cha mpira au zulia zito, ila hakikisha pawasaplai haivuti hewa kwa chini, ikiwa inavuta chini inyanyue kidogo.

msimulizi_temeke:
Shikamoo mama, ipo meza moja na maiki kweli, naishusha leo. Pawasaplai iko juu kwa hiyo zulia halina shida. Chuma, hiyo shiti nibandike upande wa ndani au wa nje wa mlango wa keisi?

chuma_tanga:
Ndani, katikati ya bati. Ila kabla ya kukata funga mlango uangalie feni ya prosesa imebakiza nafasi gani, mashine nyingine imekaribia sana.