Mkulima wa kahawa alazimishwe kuuza kupitia AMCOS? Tujadili

Mkulima wa Kibosho (mwenye mada)

Wadau, msimu unakaribia na maneno yameshaanza kwenye magulio, kwa hiyo naomba tulizungumze hili wazi. Tangu 2018 Serikali ilipoagiza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe na vyama vya ushirika vya mazao, yaani AMCOS, mnunuzi binafsi hawezi tena kuja kijijini na mizani yake akamlipa mkulima mkononi kama zamani. Wapo wanaosema agizo hilo ndilo lililofufua ushirika. Mimi naona limeleta kahawa ghalani, ila halijaleta wanachama. Mtu anayepeleka mzigo kwa sababu hana pengine pa kuupeleka haendi mkutano mkuu, hahoji hesabu, na viongozi wakivurunda anasema "hao jamaa wa chama" kana kwamba chama si chake.

Msimamo wangu ni kwamba amri iondolewe, na mwanachama ajifunge mwenyewe kwa mkataba wa msimu na chama chake. Anayesaini apeleke kahawa yake yote. Asiyesaini auze anakotaka.

Nasema hivi kwa sababu huku Kilimanjaro ushirika haukushushwa kutoka juu. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao, KNPA, yaani chama cha wenyeji wapanda kahawa wa Kilimanjaro, wakati walowezi wakishinikiza Mwafrika asiruhusiwe kulima kahawa, eti shamba lake litaeneza magonjwa. Wazee wetu walijipanga, wakanunua dawa kwa pamoja, wakauza kwa pamoja. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuja 1932, na mwaka uliofuata KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wenyeji wa Kilimanjaro, ikaandikishwa. Baada ya hapo ndipo serikali ya kikoloni ikaweka kanuni kwamba kahawa ya Mchagga lazima ipitie humo. Ilipofika 1937, bei ikiwa chini, watu wakapandwa na hasira wakavamia maghala ya vyama vya msingi. Yalikuwa maghala yao wenyewe! Lakini muda mfupi wa kulazimishwa ulitosha kuwafanya wayaone kama boma la mkoloni.

Tukaja 1976, Serikali yetu wenyewe ikavunja vyama vikuu vyote nchini kwa agizo, na mazao yakapelekwa kwenye mamlaka za mazao. Ilibidi sheria ya 1982 ije ndipo virudishwe. Anayeweza kukupa kahawa kwa amri anaweza pia kukufuta kwa amri, na chama kinachosubiri mkuu wa wilaya akamate magari ya magendo ili kipate mzigo hatuwezi kusema kinajitegemea.

Tazameni mambo yanavyokwenda siku ya kupima. Mama anafika na gunia la kahawa aliyoimenya, akaiosha na kuikausha mwenyewe. Karani anasoma mizani, anatoa kilo za gunia, anaandika daftarini, anampa risiti na malipo ya awali. Basi. Mnada wa Moshi utakapofanyika hataambiwa mzigo ulipewa daraja gani wala ukaondoka kwa bei gani. Malipo ya pili yakija, yanakuja yameshakatwa. Huku nyuma ada ya mtoto inadaiwa, na kuna mtu anapita jioni na fedha taslimu. Mama huyo nitamwita mhujumu wa ushirika? Siwezi.

Mzee wa Machame

Mwanangu wa Kibosho, umesema vizuri ila umeiruka miaka ya tisini, na mimi niliiishi.

Soko lilifunguliwa msimu wa 1994, wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na magari na fedha mkononi. Tulishangilia. Ila kabla ya hapo, chama ndicho kilichotukopesha mrututu (dawa ya shaba ya kupulizia) na dawa ya magonjwa ya kahawa, yaani chulebuni inayoozesha matunda na kutu ya majani, na deni likakatwa siku ya kuuza. Sasa mtu akachukua dawa ya chama, akapulizia, akavuna, kahawa akampa mwenye gari. Jirani yake akamwona, naye akafanya hivyo hivyo. Chama kikabaki na deni la benki bila kahawa ya kulilipa. Msimu uliofuata hakuna aliyekopeshwa hata kopo moja la dawa, si mwaminifu, si mjanja.

Kisha bei ya dunia ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yale magari hatukuyaona tena. Mibuni ikazeeka bila kupuliziwa, watu wakang'oa. Waliobaki kutusikiliza ni vyama vile vile tulivyovikimbia.

Huo mkataba wako utausimamia nani? Utampeleka jirani yako, pengine shemeji yako, mahakama ya mwanzo kwa ajili ya kilo hamsini za kahawa? Hutampeleka. Ndiyo maana nasema ulazima wa kuuza kupitia chama uwepo. Sheria inabeba lawama ambayo jirani hawezi kuibeba.

Kijana wa Ngaramtoni

Shikamooni wazee. Mnagombania kahawa ambayo vijana hatuipandi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kikigawanywa kwa ndugu wanne kila mmoja anabaki na kipande cha nyumba na migomba michache. Huku Arusha wenzangu wanalima nyanya na karoti, wanauza kila wiki. Ushirika utakaotusaidia sisi ni wa kukodi ardhi na pampu kwa pamoja. Huo siuoni ukizungumzwa.

Mama wa Hai

Karibuni upande wa maziwa. Sisi wanawake wa huku hatujawahi kupewa amri na mtu, na vyama vyetu vipo. Wanawake wa kijiji cha Nronga walianza chao mwishoni mwa miaka ya themanini, na wengi wetu tulijifunza kwao.

Asubuhi giza halijaisha mtu anafika na ndoo. Maziwa yanachunguzwa kwa kipimo, yanapimwa lita, yanaandikwa kwenye kitabu cha chama na kwenye kadi ya mwanachama papo hapo, yeye akiona. Aliyetia maji anarudi na ndoo yake mbele ya wenzake. Nakuhakikishia harudii.

Sasa kuhusu hoja ya Mzee, nisikilizeni. Kiangazi maziwa yakiadimika, wenye pikipiki wanakuja na bei kubwa kuliko ya chama. Wapo wanaowauzia. Masika yakifika, majani tele, maziwa yanamwagika, mwenye pikipiki haonekani, na yule mama anarudi kwetu. Tulikaa mkutano tukabishana sana, tukaamua: aliyeondoka kiangazi atapokelewa masika, lakini ndoo yake ni ya mwisho. Tangi likijaa kabla ya zamu yake, anarudi nayo nyumbani. Hakuna polisi wala mahakama. Tunasalimiana, tunazikana, na kanuni inafuatwa kwa sababu kila mmoja alikuwepo ilipopitishwa na alinyoosha mkono.

Kwa hiyo Mzee wangu, jirani anaweza kuibeba lawama ikiwa ameitunga kanuni pamoja na wenzake.

Mhasibu, Arusha mjini

Nimefanya kazi kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa miaka mingi, na huko hakuna aliyelazimishwa kujiunga. Bado nimeona chama kikifa. Kamati ya mikopo ilimkopesha mwenyekiti zaidi ya kiwango, yeye akawakopesha rafiki zake, na wanachama wa kawaida wakaambiwa "subirini, fedha hazijakaa vizuri". Taarifa ya ukaguzi ilikuwepo na ilieleza yote. Ilisomwa mwishoni mwa mkutano mkuu, haraka haraka, watu wakiwa wameshaanza kupanga foleni ya posho.

Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imesaidia, kwa sababu SACCOS sasa lazima iwe na leseni. Lakini leseni haimsomei mwanachama hesabu. Kwa hiyo naunga mkono hiari, na naongeza sharti: taarifa ya ukaguzi imfikie mwanachama kabla ya mkutano, kwa Kiswahili chepesi, ikitaja viongozi wanaodaiwa na wanadaiwa kiasi gani. Bila hilo, mkataba wa msimu utakuwa karatasi ya kumfunga mkulima huku kiongozi akibaki huru.

Mkulima wa Kibosho (mwenye mada)

Asanteni sana. Mama wa Hai, hiyo kanuni ya ndoo ya mwisho nimeisoma mara mbili, nitaibeba kama ilivyo.

Mzee wangu wa Machame, hoja ya pembejeo ni nzito na siwezi kuipita. Angalia lakini: miaka ya tisini mkopo alipewa kila mtu, kwa sababu kila mtu alihesabiwa mwanachama. Ninachopendekeza ni kwamba dawa na miche chotara ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo vikopeshwe kwa aliyesaini tu. Akiuza nje, deni likatwe kwenye hisa zake, na msimu unaofuata asikopeshwe. Adhabu hiyo ipitishwe na mkutano mkuu, isitoke wilayani. Na chama nacho kiwe na wajibu wake ndani ya mkataba huo huo. Kila baada ya mnada kibandike ukutani kilo zilizouzwa, daraja, bei, na kila kilichokatwa: usafiri, kukoboa, ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, tozo ya chama. Kisipobandika, mkulima awe huru kuondoka na kahawa yake.

Kijana wa Ngaramtoni, anzisha mada ya ushirika wa ardhi na pampu, nitakuja kuchangia. Inastahili uwanja wake.

Linalonisumbua bado ni malipo ya awali. Yakiwa madogo, mama mwenye deni la ada atamwendea mwenye fedha taslimu hata akiwa amesaini, na sitamlaumu. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa 2025 imetokana na benki ya ushirika ya hapa hapa Kilimanjaro. Je, kuna AMCOS ambayo tayari imekopa huko ili imlipe mkulima sehemu kubwa siku ya kupima? Riba ilikuwaje, na nani aliibeba msimu ulipoisha? Wenzetu wa Rombo na Karatu, kama mmefanya hivyo naomba mtuwekee hesabu hapa, tuzipeleke kwenye mikutano yetu kabla mizani haijafunguliwa.