MJADALA: Maneno ya kibaguzi kwenye tamthilia za zamani za watoto yakatwe au yaachwe? Mfano: The Changes (BBC, 1975)

Wadau, salaam.

Naleta hoja inayozuka Uingereza kila wanapofungua makabati ya vipindi vyao vya zamani. Tamthilia ya watoto ikiwa na wabaguzi ndani yake, ioneshwe ilivyo, ikatwe, ibandikwe onyo, au ifungiwe kabisa? Nitang'ang'ania mfano mmoja tu: The Changes, sehemu 10, zilizoanza kurushwa Jumatatu ya tarehe 6 Januari 1975. Msimamo wangu nautoa mapema msije mkanizungusha: isiguswe hata sekunde. Na sitajificha nyuma ya "enzi zile watu ndivyo walivyokuwa", maana hiyo naiona hoja mbovu kuliko zote.

Kwa wasioijua (Tanzania Bara mwaka huo hatukuwa na kituo hata kimoja cha TV, Zanzibar ndio walikuwa wameshatangulia), kisa kiko hivi. Siku moja mlio wa ajabu unaikumba Uingereza, na watu wanaingiwa na chuki dhidi ya mashine. Wanavunja TV, redio, magari, chochote. Msichana wa shule, Nicky Gore, anapotezana na wazazi wake katika vurugu hiyo, halafu anajiunga na msafara wa familia ya Masingasinga, au Makalasinga kwa ndugu zetu wa Kenya. Hawa mlio haukuwapata. Shida yao ni kwamba hawajui ni kitu gani kitawachokoza wenyeji, hivyo Nicky anakuwa mtu wao wa kuwatahadharisha. Wanaweka makazi karibu na kijiji na kuanza kazi ya uhunzi. Wanakijiji wanakihitaji chuma chao, ila wenyewe hawawataki. Wanawaita "Watoto wa Shetani".

Jina hilo ndilo jina la riwaya ya tatu ya Peter Dickinson, ya mwaka 1970, iliyotumika pamoja na nyingine mbili za 1968 na 1969. Dickinson alizaliwa Livingstone, Zambia ya leo, mwaka 1927. Anna Home wa BBC ndiye aliyezigeuza riwaya zote tatu kuwa safari ya msichana mmoja.

Sasa tazameni wakati wenyewe. Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwa haraka ya ajabu kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Mwezi uliofuata mwanasiasa wa Uingereza Enoch Powell akatoa hotuba yake Birmingham dhidi ya wahamiaji. Kule Wolverhampton madereva wa mabasi wa Kisingasinga walipigania haki ya kuvaa kilemba kazini, na hawakukubaliwa mpaka 1969. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri ya Leicester, mji wa Uingereza, ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, ikiwashauri wasiende huko, eti kwa faida yao wenyewe. Walikwenda hata hivyo. Kwa hiyo tamthilia hii iliporushwa, madarasa ya Leicester yalikuwa na watoto waliozaliwa Kampala na Jinja.

Mtoto wa namna hiyo hakuhitaji mtu amfiche kwamba wapo wanakijiji wanaokuita shetani huku wakinunua kwako. Alikuwa akiwaona kila siku. Kwenye TV aliona kitu ambacho nadhani hakukizoea: wenye vilemba ndio wenye akili zao timamu, na taifa zima limepagawa. Majambazi wanapokuja kukiteka kijiji, ni hao hao waliotukanwa wanaochukua panga kwenda kuwaokoa waliowatukana. Kata tusi, halafu niambieni uokozi ule una uzito gani.

Upande wa pili wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: mtoto wa miaka minane habebi kisa kizima, anabeba neno, na kesho yake analirusha uwanjani. Kweli. Ndiyo maana kipimo changu ni kuangalia nani anafanywa kichekesho. Zilikuwepo komedi za Uingereza za miaka hiyo hiyo ambazo tusi ndilo lilikuwa kichekesho chenyewe, na mtazamaji anacheka pamoja na mtukanaji. Hizo sizitetei, na sitaumia wakiziacha kabatini.

Na onyo? Liwekwe, ila si lile la jumla la "lugha ya zama zake". Linamtia mwandishi kapu moja na wanakijiji aliowaandika ili tuone makosa yao. Dickinson na Home walijua ni makosa wakati ule ule, hawakusubiri sisi tuje tuwafundishe.

Kama mnatafuta pa kuibana tamthilia hii, ngoja niwaoneshe. Ikifika nusu, Masingasinga wanatoweka. Nicky anaachana nao, anashtakiwa uchawi, anatoroka kwa mashua na kijana wa Kiingereza, mpaka kwenye pango lenye chanzo cha balaa lote. Wenzetu wamemlea, wamempigania, kisha hadithi inawaacha njiani. Hilo halimo kwenye orodha ya mtu yeyote wa mkasi, kwa sababu mkasi hauwezi kurudisha watu walioachwa nje.

Nimeona michango miwili ya mwanzo, nijibu kabisa.

Kuna aliyesema BBC wenyewe walikata: kwenye riwaya, chanzo cha yote ni Merlin, yule mchawi wa hadithi za kale, anayeleweshwa na mfamasia kwa mofini, na kwenye TV mofini haimo. Ni kweli. Lakini hiyo ni kuitunga upya hadithi, na riwaya ikabaki dukani ilivyo. Mwaka 2023 wachapishaji Puffin walipobadilisha maneno kwenye vitabu vya mwandishi wa watoto Roald Dahl, kelele zilizidi mpaka wakaahidi kuendelea kutoa na matoleo ya zamani. Watu walitaka cha asili kibaki, basi.

Mwingine kauliza haya yanatuhusu nini. Ndugu yangu, walioambiwa wasiende Leicester walitoka Kampala, na sheria ya 1968 ilitungwa kwa ajili ya watu wa Nairobi na Mombasa. Tena tuangalie vichekesho vyetu: Mhindi wa dukani anayechekwa kwa lafudhi, Mmasai mlinzi asiyejua kitu. Watoto wetu wanaviangalia kila jioni na hakuna anayezungumzia onyo.

Hivyo mkasi tuanze nao wapi, na ashike nani? Karibuni kwa hoja, matusi pembeni.

Naomba kuwasilisha.